Mke wa Mulinge

Baada ya sehemu ya Jumapili iliyopita, msomaji mmoja wa Malili alinipigia simu. "Mzee Kyule," akasema, "wewe ni mwongo kama waongo wengine wote, tofauti ni kwamba wewe unaandika vizuri." Nilimshukuru kwa hilo la pili.

Kwa aliyekosa gazeti, mambo yalikuwa hivi. Nina wana wawili. Mulinge, kifungua mimba wangu, ana miaka thelathini na tatu, ana digrii, hana kazi ya kudumu na hana mke. Muli, mdogo wake, aliachia shule darasa la nane. Anauza machungwa na maji kwa madereva wa malori pale Kambu, na huko amempata msichana, Kanyiva, ambaye ana mimba ya miezi saba.

Kwetu Wakamba ndoa si ndoa mpaka mbuzi wa ntheo wapelekwe kwa kina msichana, mmoja achinjwe huko, na nyama iliwe na pande zote mbili. Na katika koo zetu, mdogo hapeleki ntheo kabla ya mkubwa. Akitaka kupita, ni lazima mkubwa asimame mbele ya wakwe, apokee mbuzi wa kurukwa kutoka mkononi mwa mdogo wake, na aseme kwa kinywa chake, "Pita."

Tulipokwenda Kambu kujitambulisha, mjomba wa msichana, Mzee Mutisya, aliniuliza kama mwanangu mkubwa ameoa. Mimi nilijifunza kusoma nikiwa na ndevu, katika masomo ya ngumbaru, nikikalia benchi la watoto na magoti yakinigonga kidevu. Nilipomwona Mulinge amevaa joho siku ile ya kuhitimu, nilijua kwamba magoti yangu hayakuumia bure. Sasa nikamwona amesimama kama kigingi, anarukwa na mtoto wa darasa la nane.

Nikasema, "Ameoa."

"Kwa ukoo gani?" akauliza Mutisya.

Hapo nilifikiri mimi ni mwerevu. Ningetaja ukoo wowote wa Kikamba, Mutisya angepiga simu mbili, na kabla ya chai kupoa angejua nyanya ya huyo mke amebakiwa na meno mangapi. Kwa hiyo nikasema mke ni wa watu wenye asili ya pwani, wazazi wake wana duka mjini Mwingi. Jina lake Safa.

"Muislamu?"

"Ameokoka," nikasema. Kwa pumzi moja nilikuwa nimemwoza mwanangu na kumbadilishia mtu dini.

Mutisya alifurahi. Akasema siku ya ntheo huyo Safa lazima aje, maana mke wa mkubwa ndiye humshika bibi arusi mkono. Hapo ndipo niliwaacha.

Mulinge mwenyewe hakuwa na habari. Watafiti wa chuo kimoja walikuwa wamempa kibarua cha muda, kuzunguka Kitui na Makueni akiwauliza vijana kama wameridhika na maisha yao. Alikuwa amepanga chumba Malili. Siku tatu baada ya sisi kutoka Kambu, alifika nyumbani Nuu, viatu vimebadilika rangi kwa vumbi.

Mama yake, Kasiva, alimpakulia muthokoi, ile pure yetu ya mahindi yaliyokobolewa. Alimpakulia mlima.

"Mama, hii ni ya watu wawili."

"Kula. Mmoja wao yuko ndani yako, amekonda."

Nikamuuliza hao watafiti wanataka kujua nini hasa.

"Umri wako," akasema. "Umeoa au hujaoa. Umesoma mpaka wapi. Unafanya kazi gani, unasali wapi, nyumbani mko wangapi. Halafu mwisho namwambia, fikiria ngazi ya kupandia, ina vidato kumi. Kidato cha juu kabisa ni maisha mazuri kuliko yote unayoweza kuishi. Cha chini ni mabaya kuliko yote. Leo umesimama wapi?"

"Na wanasema ukweli?" mama yake akauliza.

"Kuna msichana aliniambia kumi. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni. Mama alipokwenda kufukuza mbuzi kwenye shamba, akaniambia, haraka, andika tatu."

Tulicheka wote. Ilikuwa siku nyingi sijasikia Mulinge akitoa hadithi.

"Waliosoma ndio wako juu," nikasema. Sikuwa nauliza.

"Hapana, baba."

"Hapana namna gani?"

"Aliyesoma akapata kazi, yuko juu. Aliyesoma akakosa, yuko chini kuliko yule hakusoma kabisa. Nimewauliza wengi. Yule hakusoma hangoji kitu. Huyu mwingine anangoja, na kijiji kizima kinangoja pamoja naye."

Niliipinga hesabu hiyo. Nilimwambia watafiti wake wamewauliza vijana wavivu. Nilimweleza jinsi kusoma kulivyonitoa mimi gizani, jinsi nilivyosimama kanisani mara ya kwanza na kusoma Waraka kwa Warumi bila kusaidiwa. Alinisikiliza kwa adabu, kama anavyonisikiliza tangu akiwa mtoto.

"Na waliooa?" Kasiva akauliza.

"Wako juu kidogo. Wanaume kuliko wanawake."

"Lazima. Mwanamume akioa anapata mpishi. Mwanamke akiolewa anapata mtu wa kupikia."

"Na wewe?" nikamuuliza. "Wewe uko kidato gani?"

Mulinge aliweka kijiko chini. Alitabasamu, lakini kwa mdomo tu.

"Mimi siulizwi, baba. Mimi ndiye ninayeuliza."

Simu yangu ikalia. Ilikuwa Muli, kutoka Kambu. Sikio langu moja limeanza kunichoka, kwa hiyo simu yangu husema kwa sauti kubwa hata nisipotaka.

"Mzae," Muli akasema, na nyuma yake malori yalikuwa yakinguruma, "nyanya ya Kanyiva anauliza. Huyo Safa, hata kama ameokoka, atakula nyama aliyochinja Mutisya? Ama tumbo lake bado ni la Kiislamu, wamtafutie kuku wake kando?"

Nilibonyeza simu. Nilibonyeza mahali si penyewe, Muli akaendelea. "Na wanauliza kama mtoto atakuja pia. Halo? Mzae?"

Kasiva alinyoosha mkono akaizima.

"Safa ni nani?" Mulinge akauliza.

Wasomaji, nimesimama mbele ya chifu, mbele ya mapasta, hata mbele ya mkaguzi wa elimu aliyekuja kutupima sisi wazee wa ngumbaru. Sijawahi kukosa la kusema. Siku hiyo nilitazama muthokoi.

Kasiva akasema, "Mwambie mwanao."

Nikamwambia. Nilitegemea apige kelele. Ningekuwa mimi, ningepindua meza. Mulinge aliuliza tu, kwa sauti ile ile ya kibarua chake.

"Huyo Safa anafanya kazi gani?"

"Sikusema kazi."

"Ni mrembo?"

"Mulinge."

"Nauliza tu, baba. Si ni mke wangu? Tuna mtoto mmoja?"

"Mmoja," nikasema. "Msichana."

"Anaitwa nani?"

Nilijaribu kunyamaza. Lakini kila Mkamba anajua jibu. Binti wa kwanza huitwa jina la mama wa mwanamume.

"Kasiva," nikasema.

Mke wangu alisimama, akachukua sufuria ambayo bado ilikuwa na chakula, akaenda nayo nje. Tulimsikia akipenga kamasi kule jikoni. Kumbe pale Kambu, nilipokuwa nikipamba uongo wangu, hiyo sehemu ya mtoto hakuwa ameisikia. Alikuwa upande wa wanawake.

"Na huyo Mulinge mwingine," mwanangu akaendelea, "yule wa Kambu. Ana kazi?"

"Ana kazi nzuri."

"Nikimuuliza ngazi, atasema ngapi?"

Nilimsogezea sahani yake.

"Huyo ndiye mwanao, baba. Mimi ni kijana fulani amepita hapa na maswali."

Hapo ndipo ningeweza kuokoa kila kitu. Ningesema, twende Kambu sote watatu, nikiri, tununue mbuzi wa kurukwa, na ukisema "Pita" nitakuwa nimesimama kando yako. Maneno hayo yalikuwa tayari. Niliyatamka kichwani, moja moja, kwa Kiswahili sanifu. Lakini yaliyotoka mdomoni yalikuwa mengine.

"Siku ya ntheo usije," nikamwambia. "Nitasema uko kazini, na mke ana homa. Ni siku moja tu. Baada ya hapo watu watasahau."

Mulinge alininawisha mikono kwanza. Alimimina maji, akanipa kitambaa, akakikunja nilipomaliza. Kisha akachukua begi lake.

"Sawa, baba," akasema.

Alipotoka, Kasiva alirudi na sufuria yake.

"Umemfukuza mtoto na chakula mdomoni."

"Sikumfukuza. Nimemwomba asije mahali fulani siku fulani."

"Ngumbaru ilikufundisha kusoma," akasema mke wangu. "Haikukufundisha kunyamaza, wala haikukufundisha kusema."

Hakunipikia chai kwa wiki nzima. Nilijipikia mwenyewe, ikawa mbaya, nikainywa.

Siku ya ntheo tulifika Kambu na mbuzi watatu kwenye pikapu ya mtu wa kanisani kwetu. Muli alitungojea kando ya barabara kuu, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Malori yalipita na madereva wakimpigia honi. "Mkamba wa machungwa! Leo ni leo!" Naye akawapungia wote mkono kama mheshimiwa.

Nilimtazama mtoto huyo niliyemhesabu kama hasara. Meno yote nje. Sijui alijifunza wapi kufurahi hivyo.

"Mzae," akaninong'oneza tukiteremsha mbuzi, "leo tafadhali usiongeze watoto."

"Nyamaza wewe."

"Bro hatakuja kweli?"

"Hatakuja."

Uso wake ulibadilika. Alishika kamba ya mbuzi akaizungusha mkononi.

"Ningempa ule mbuzi kwa magoti, baba. Ningetembea na magoti kutoka hapa mpaka Malili. Unajua mimi niko sawa. Nikilala nalala, nikiamka nina Kanyiva, nina soko langu, nina kwaya. Lakini kila nikicheka naona kama nimemwibia mtu. Na huyo mtu namjua."

"Basi mbona hukukataa nilipodanganya?"

"Wewe ni baba yangu," akasema. "Na Kanyiva tumbo linakua."

Langoni wanawake wa kwa kina Kanyiva walikuwa wametufungia, kama ilivyo desturi, wakidai tujieleze.

"Nyinyi ndio watu wa Nuu? Huko mbuzi hunywa maji au husimuliwa tu?"

"Mbona hawa wamekonda hivi? Wamekuja kwa miguu?"

Kasiva, ambaye hakuwa amenisemesha tangu Mwingi, aliwajibu papo hapo. "Wamekonda kwa mawazo! Walisikia jinsi mnavyokula!"

Lango likafunguliwa kwa vigelegele. Kwa muda huo mfupi nilisahau dhambi yangu.

Mutisya hakusahau. "Mke wa mkubwa yuko wapi?"

"Ana homa," nikasema.

Nyanya ya Kanyiva, Kaluki, mwanamke mdogo wa mwili mwenye sauti ya kengele, alikuwa ameketi kwenye ngozi yake. "Homa hiyo ni ya siku ngapi," akauliza, "ama ni ile ya miezi tisa?"

Uwanja mzima ulicheka. Nami nikacheka. "Huenda," nikasema. Kasiva alinifinya kiunoni mpaka machozi yakanitoka, watu wakadhani ni ya furaha.

Mbuzi alichinjwa, nyama ikawekwa juu ya makaa. Mutisya alipanga viti akaacha kimoja wazi kulia kwangu. "Cha mkubwa," akasema. "Hata akiwa kazini, kiti chake hakikaliwi."

Nilikaa karibu na kile kiti kama mtu aliyekaa karibu na jeneza.

Nyama ilikuwa imeiva na Mutisya alikuwa akinoa kisu nilipoona vichwa vikigeuka kuelekea langoni. Mulinge alikuwa anaingia. Amevaa suti ile ile aliyovaa chini ya joho, imemlegea mabegani, na mkononi ana leso mpya ya kumtuza bibi arusi. Aliwasalimu wazee mmoja mmoja kwa kuinama. Akampa Kanyiva leso. Akampiga Muli begani. Kisha akaja akakaa kwenye kile kiti.

"Nani amekuita?" nikamuuliza bila kusogeza midomo.

"Mama."

Nilimtazama Kasiva kule kwa wanawake. Hakugeuza macho. Alitaka mwanawe aje aseme ukweli ambao mimi nilikuwa nimeshindwa kuusema. Nilielewa, na niliogopa, na kwa siri nikashukuru. Nikajiambia, acha auseme yeye.

"Mulinge!" Mutisya akanguruma kwa furaha. "Tumekula habari zako mpaka tumeshiba. Msomi wetu! Umekuja wakati wenyewe. Simama nikuulize swali la desturi."

Wanangu wasomaji, wengine wenu mlizaliwa mjini, kwa hiyo nitaeleza kwa ufupi. Neno linalosemwa juu ya nyama ya ntheo halirudishwi. Mwanamume akisema hapo kwamba ana mke, ana mke, hata kama hajawahi kuwa naye. Siku atakapokwenda kuchumbia, wazee watauliza, nao watajibiwa kwamba huyu alisimama Kambu akasema ana mke. Hakuna atakayempa binti kama mke wa kwanza. Na habari kwetu hazihitaji gari.

Mulinge aliyajua hayo. Nilimfundisha mimi.

Mutisya alinyoosha kisu juu ya nyama. "Kijana, mdogo wako anapita mbele yako au anakuja nyuma yako?"

Muli alikuwa amefumba macho. Mbuzi tuliokuja nao walikuwa watatu tu, wa ntheo. Wa nne, wa kurukwa, hakuwepo, kwa sababu uongo wangu ulikuwa umemfuta. Mulinge akisema "mbele," nyama hiyo haitaliwa. Na Kaluki alikuwa amekwisha sema asubuhi, kwa mzaha ambao haukuwa mzaha, kwamba nyumba inayodanganya siku ya ntheo hurudishiwa mbuzi wake hata kama mmoja amekwisha kuchunwa.

Mulinge alimtazama mdogo wake. Akalitazama tumbo la Kanyiva.

"Anakuja nyuma yangu," akasema. "Mimi nina mke."

"Na mtoto?" Kaluki akapaza sauti kutoka kwenye ngozi yake.

"Mmoja. Anaitwa Kasiva, kama mama yangu."

Aliposema hivyo alimtazama mama yake. Kasiva alijifunika uso na leso. Wanawake walimwona, wakadhani ni furaha ya nyanya, wakapiga vigelegele.

Mimi nilisikia vigelegele hivyo kama mchanga unaomwagwa juu ya kitu. Mwanangu alikuwa ameingia mwenyewe ndani ya yule Mulinge niliyemtunga, akafunga mlango, na hakuna mtu hapo aliyejua ila watu wanne. Nilidhani tuko wanne.

Mutisya alikata kipande cha kwanza, akakiweka kwenye sahani, akamgeukia bibi arusi. Hili ndilo swali la mwisho, na msichana akishajibu "Ileni," mambo yamekwisha, ameolewa.

"Mwana wetu," akasema, "nyama hii tuile, au tuwarudishie wenyewe?"

Kanyiva alikuwa ameishika ile leso mpya kwa mikono miwili. Hakuwa anamtazama Mutisya. Alikuwa anamtazama Mulinge.

"Bado," akasema.

"Bado nini?" Kaluki akauliza. "Tumbo hilo linangoja nini?"

"Susu," akamwambia nyanya yake, "msiile bado."

"Kanyiva, tafadhali," Muli akasema. "Kanyiva, nakuomba."

"Ulinieleza mwenyewe, Muli. Ulinieleza kila kitu, nami nikanyamaza kwa sababu nataka kuolewa. Lakini uliniambia hatakuja. Hukuniambia atakuja ajizike hapa, mbele yangu, na mimi nile." Machozi yalimdondoka juu ya leso. "Nitalala vipi kwenye nyumba hiyo? Nitamwita shemeji kwa mdomo gani?"

"Msichana anasema nini?" wazee wakaulizana.

"Mwulizeni baba," Kanyiva akasema, na hakunitaja jina, maana bado aliniheshimu. "Yeye ndiye anajua."

Mutisya alikiweka kisu chini. Alifanya hivyo polepole sana, na kicheko chote kilikuwa kimemtoka.

"Kyule," akasema, "tangu asubuhi nimekuita mkwe. Nataka kukuita hivyo hivyo jua likitua. Nakuuliza mara moja tu, na utajibu juu ya nyama hii. Mwanao ana mke, au hana?"

Nilisimama. Nilivua kofia, sijui kwa nini.

Nikisema hana, mbuzi wanarudi Nuu, na mjukuu wangu anazaliwa hapa Kambu, mtoto wa ukoo wa mama yake, na Muli atakuwa akimwona kwa kupita njia. Nikisema anaye, ni mimi nitakayekuwa nimempigilia Mulinge msumari kwa mkono wangu, nikiwa nimesimama, nikiwa na akili timamu, mbele ya mama yake.

Nilimtazama Muli. Alikuwa ameinamisha kichwa, shati lake jeupe limelowa mgongoni. Hakuniomba kitu. Nilitamani aniombe.

Nilimtazama Kasiva. Alikuwa ameshusha leso, ananingoja, kama alivyoningoja wiki nzima.

Kisha nikahisi mkono ukinigusa kiwiko. Mulinge alikuwa amesimama kando yangu. Hakuwa na hasira. Uso wake ulikuwa mtulivu hivi kwamba nilimwogopa.

"Baba," akasema kwa upole, kama mtu anayembembeleza mtoto alale, "sema ninaye."